Mkono Unaoijua Nyongo

Mimi ni mchinjaji, Tukuyu, nyuma ya soko.
Miaka ishirini na mitatu kisu changu
kimepita chini ya ini la ng'ombe, la mbuzi,
kikaitoa nyongo nzima, haijatoboka,
kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala.
Ikipasuka, ini lote hasara.
Hata mbwa hulinusa, akaenda zake.

Nilijua pa kuigusa gizani.
Ila si kwa Tumpe.

Ilianza baada ya kipaimara cha Lugano.
Kulikuwa na mbuzi, mafuta yakitutiririka mpaka viwikoni.
Saa saba usiku akaketi kitandani
ameshika chini ya mbavu za kulia.
"Kama mtu anakaza kamba," alisema,
"halafu anasahau kuilegeza."
Nikasema: vidonda vya tumbo.
Jirani akasema: vidonda.
Duka la dawa likasema: vidonda,
likatuuzia unga mweupe wa kukoroga.

Bega la kulia nalo likamuuma, huku nyuma.
Nikasema: mikungu ya ndizi hiyo, punguza kubeba.
Mama akasema: katupiwa kitu.
Nikamwambia, mama, acha.
Lakini usiku nilifikiri.

Alitapika chai. Akatapika maji.
Akatapika kitu cha kijani
(hapo ningejua,
rangi ile naijua kuliko rangi ya shati langu)
nikakimwagia majivu, nikaenda kufungua bucha.

Wiki ya mvua ile isiyojua Jumapili
homa ikapanda. Alitetemeka chini ya mablanketi matatu
mpaka kitanda kikawa kinaongea.
Asubuhi alipofungua macho kunitazama,
weupe wake ulikuwa njano,
njano ya mafuta ya ng'ombe mzee.

Gari la viazi likatupandisha Isongole,
likatushusha Uyole,
na kila tuta Tumpe alimwita Kyala,
tuta baada ya tuta.

Daktari, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu,
mikono baridi, akabonyeza pale.
"Mama, vuta pumzi."
Pumzi ikaingia nusu, ikakatika,
kama mlango uliokuta mguu wa mtu.
"Basi," akasema. Hakubonyeza tena.

Akaniuliza mimi: tangu lini?
Nikasema, Agosti.
Ilikuwa Novemba.

Akanieleza kwenye korido, bila kupamba:
jiwe limeziba shingo ya kifuko,
kifuko kimevimba, kuta zimeanza kufa, usaha umejaa.
Jiwe lingine limeteleza mrijani, ndiyo manjano hayo.
Likishuka zaidi, kongosho nalo litawaka.
Na kifuko kikitoboka,
uchafu utamwagika tumboni, sumu iingie kwenye damu.

Nilitikisa kichwa kama mdaiwa anayesomewa daftari.
Kikitoboka.
Neno langu hilo. Neno la kazini kwangu.

Watu husema mambo yametumbukia nyongo.
Wanasema tu.
Mimi niliketi kwenye benchi saa tatu na nusu,
kanga yake ndani ya mfuko wa rambo,
nikitazama mikono yangu.

Kilitoka. Kilikuwa cheusi, daktari alisema,
kimegandamana na ini,
ikabidi akibandue polepole.
Nikamwuliza, kwa kisu gani?
Akacheka, kisha akaona sicheki.

Mawe kumi na saba, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Tumpe kayaweka dirishani, karibu na redio.
Mgeni akija huyatikisa kwanza, ndipo amkaribishe chai.
"Wewe na mbuzi zako," huniambia,
na bega halimwumi.

Jana nimechinja. Nimefika pale, chini ya ini,
kidole kikasimama.
"Vipi, Ambakisye," mteja akasema, "kisu butu?"
Ngoja, nikasema.
Nikaitoa, ya kijani, nzima, bado ya moto,
nikaishika kiganjani zaidi ya inavyohitajika.

Nikampimia nusu kilo.
Nikamwuliza, mkeo hajambo?
Hajambo, akasema.
Nikamwuliza tena.